Nalipa madeni, lakini kila mtu ananiambia najisumbua

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina watoto wawili. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 800,000, na baada ya makato yote pamoja na rejesho la benki la shilingi 230,000 nabaki na 422,000. Mkopo wa benki umebakiza miezi 30. Mbali na huo, nadaiwa shilingi 600,000 na mkopeshaji wa hapa mtaani. Kila mwezi namlipa riba ya shilingi 120,000, na huu ni mwezi wa tano. Mkopo wenyewe hataki kuupokea kwa vipande, anautaka wote kwa mkupuo, na kadi yangu ya benki anayo yeye. Dukani nadaiwa 38,000 na Songesha, ule mkopo wa simu, 45,000. Miezi mitatu iliyopita niliamua kulipa yote na nisikope tena. Kila mwezi najibana nipate kama 50,000, nagawa huku na kule, lakini nikilipa duka nakopa simu, nikilipa simu nakopa duka. Walimu wenzangu wananiambia hakuna mwalimu aliyejenga bila mkopo. Wifi yangu anasema nimekuwa mchoyo kwa kuwa sikuchangia harusi ya mdogo wao. Mama ananiambia nisijitese, deni halijawahi kumuua mtu. Hata mkopeshaji ananiambia hana haraka, nilete riba tu. Sasa afisa wa benki amenipigia kwamba nina nafasi ya kuongeza mkopo: makato yakifika 385,000 kwa miaka 7 nitapata zaidi ya milioni 13 mkononi. Nimechoka. Moyo wa kuendelea nitautoa wapi?

Jibu:

Mwalimu, nianze na hesabu moja ambayo naamini umeifanya kichwani mara nyingi usiku, ila hukutaka kuiandika. Shilingi 120,000 kwa miezi mitano ni shilingi 600,000. Umeshampa mkopeshaji fedha zote alizokukopesha, shilingi kwa shilingi, na bado unadaiwa 600,000 ileile. Naileta mwanzoni kwa sababu ndiyo inayojibu swali lako. Umeniuliza utautoa wapi moyo, kana kwamba moyo umeibiwa na maneno ya wifi na ya wenzako ofisini. Maneno yao yameuma, sikatai, lakini yamepata pa kuingilia kwa sababu deni lenyewe halisogei. Mtu anayejinyima nyama, anayekwepa michango na kutembea kwa miguu kwenda kazini, kisha mwisho wa mwezi akaangalia daftari na kukuta tarakimu ni zilezile, hahitaji adui wa kumkatisha tamaa. Akitokea mtu wa kumwambia kwamba anajisumbua, anaona kama ameambiwa ukweli.

Kwa hiyo sitakuomba ukaze moyo kwanza. Nilikuwa afisa mikopo wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa miaka kadhaa, na katika watu niliowaona wakimaliza madeni yao, wengi hawakuwa na moyo mgumu kuliko wengine. Walikuwa na deni moja lililoonekana kupungua kila mwezi, na kupungua huko ndiko kulikowapa nguvu ya mwezi uliofuata.

Hilo limechunguzwa hata kitaalamu. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, David Gal na Blakeley McShane, walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wateja karibu 6,000 wa kampuni moja iliyosaidia watu kumalizana na wadai wao. Waliona kwamba idadi ya madeni ambayo mtu amekwisha kuyafunga kabisa ilibashiri kama atafika mwisho wa safari, bila kujali ukubwa wa fedha zilizobaki. Mwaka 2016 watafiti wengine, akiwamo Keri Kettle, walionyesha kwamba mtu anayeelekeza nguvu kwenye deni moja hupata ari kubwa kuliko yule anayegawa malipo kidogokidogo kwa wadai wote. Hiyo 50,000 unayoigawa huku na kule, Mwalimu, ni fedha halali na ni jasho lako, lakini umeitawanya mpaka haionekani ilipokwenda.

Sasa tuwaangalie wanaokuvunja moyo, maana si watu wa namna moja na hawastahili jibu moja.

Wapo wanaonufaika ukiendelea kudaiwa. Mkopeshaji anayekwambia hana haraka anasema kweli, kwa nini awe na haraka? Riba ya 120,000 kwa mkopo wa 600,000 ni asilimia 20 kwa mwezi, na kwa mwaka mmoja utakuwa umempa shilingi 1,440,000 bila kugusa mkopo. Kukataa kwake kupokea vipande ndiyo biashara yenyewe, na ndiyo sababu watu wa mitaani waliipa mikopo ya aina hii jina la kausha damu. Ujue pia kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania imeelekeza kuwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wasiopokea amana, wasitoze riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wako hiyo ni shilingi 21,000. Ukiona tofauti kati ya 21,000 na 120,000, utaelewa upole wa huyo bwana unatoka wapi.

Afisa wa benki simweki kapu moja na huyo, kwa kuwa benki inafuata taratibu na yeye yuko kazini. Hata hivyo nataka uone ile nafasi aliyokutajia imetoka wapi. Katika mshahara wa 800,000 unakatwa 40,000 za mfuko wa pensheni wa PSSSF, kodi 68,000, bima ya afya 24,000 na chama cha walimu 16,000, ukibaki na 652,000 kabla ya rejesho la benki. Mtumishi wa umma hutakiwa kubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, ambayo kwako ni kama 267,000. Wewe sasa unabaki na 422,000. Ukitoa 267,000 zinabaki 155,000, na ukizijumlisha na 230,000 unazokatwa sasa unapata ile 385,000 aliyokutajia. Maana yake ni kwamba hakukukuta na fedha iliyolala. Alipiga hesabu ya kiwango cha chini kabisa unachoruhusiwa kubakiwa nacho, akakupa kilicho juu yake kama nafasi. Na shilingi 385,000 kwa miezi 84 ni shilingi 32,340,000. Mkopo wa sasa ungeuacha uishe, ungelipa 6,900,000 tu kwa miezi 30. Tofauti ni shilingi 25,440,000, na hiyo ndiyo bei ya zile milioni 13. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wazee, na harusi yenyewe hapa ni wiki mbili za kuwa na fedha nyingi kwenye akaunti.

Walimu wenzako ni habari nyingine. Wanapokwambia kwamba mwalimu hajengi bila mkopo, nusu ya maneno yao ni kweli. Wapo waliojenga kwa mkopo wa mshahara, wakaweka bati, wakahama nyumba za kupanga, na sitaki ujibishane nao. Lakini uliza kwa upole, si kwao, kwa nafsi yako tu: mkopo wako wa kwanza wa benki ulijenga nini? Kama ulijenga msingi na kuta, basi mkopo ulifanya kazi, na kuumaliza hakuipingi kazi hiyo. Kama uliisha kwa ada, sherehe na kulipa madeni mengine, basi mkopo wa pili hauna sababu ya kuwa tofauti, hasa ukiuchukua ukiwa umebanwa. Halafu kuna jambo jingine ninalolisema kwa kuwaheshimu: katika ofisi ambayo karibu kila mtu anakatwa, anayeamua kumaliza anawakumbusha wengine hesabu ambayo wameamua kutoitazama. Maneno yao mara nyingi ni ya kujituliza wenyewe. Usitangaze mpango wako katika kundi la WhatsApp la shule, wala usiwashauri wasiokuuliza. Mtu mmoja anatosha, mwenzako aliyewahi kumaliza mkopo akakaa bila kuongeza mwingine. Mtafute, kwa kuwa kila shule ina mmoja, na mara nyingi ni yule asiyeongea mada ikiwa mikopo.

Kwa mama na wifi ndipo ninapotaka tukae zaidi, maana huko ndiko mtu hushindwa. Mkopeshaji unaweza kumchukia ukapata nguvu. Mama huwezi, wala haifai.

Mama anaposema deni halijawahi kumuua mtu, hakwambii ukope. Anaona mwanawe amekonda, hacheki kama zamani, anakata simu haraka, na kwa lugha aliyo nayo anakuomba upumzike. Ukimjibu kwa hesabu za riba utakuwa umemjibu swali ambalo hakuuliza. Mweleze mara moja, kwa sentensi chache, tena uso kwa uso ikiwezekana: "Mama, nimejipangia miezi michache ya kubana ili kadi yangu irudi mkononi mwangu. Sijaugua, wala sina shida ninayokuficha. Nikikwama nitakwambia." Akijua kuna mwisho, na akijua utasema ukizidiwa, wasiwasi wake utapungua, na yeye ndiye anaweza kuwa wa kwanza kukutetea mbele ya wengine. Na kama huwa unamtumia chochote kila mwezi, usikikate chote ghafla. Kipunguze, umwambie umekipunguza na mpaka lini, kwa kuwa ukimya ndio unaotafsiriwa vibaya.

Wifi ana hoja yake. Katika maisha yetu mchango wa harusi ni zaidi ya fedha: kadi inapoletwa, jina lako linaandikwa, na siku yako ikifika daftari hilohilo linafunguliwa. Aliyekuchangia ulipofiwa, ulipojifungua au ulipoolewa, ana haki ya kushangaa ukipotea. Kwa hiyo ulipoacha kuchangia bila kusema neno, yeye alisoma kwamba umejitoa katika undugu, na hilo ndilo linalouma, wala si fedha yenyewe. Hapa ningekosoa kidogo namna ulivyoanza, Mwalimu. Kujinyima kula ni hiari yako, ila kujiondoa kwa watu kimyakimya kunakuletea gharama ambayo huwezi kuilipa baadaye kwa fedha.

Tenga fungu dogo la michango, tuseme shilingi 15,000 kwa mwezi, na uliheshimu pande zote mbili: likiwapo unatoa bila kunung'unika, likiisha hukopi ili uchangie. Kwa wifi nenda mwenyewe, usitume ujumbe. Mwambie, "Wifi, harusi ya mdogo wetu sikuchangia na sikukwambia kwa nini, hapo nilikosea. Nina deni linalonibana na nimeamua kulimaliza. Shughuli ikija nitatoa kidogo nilicho nacho, na nitakuja jikoni tangu asubuhi." Halafu uende kweli, na kanga yako na kisu chako, ukate vitunguu na umenye viazi mpaka masufuria yatoke mekoni. Nimeona mara nyingi kwamba mwanamke aliyeshinda jikoni siku nzima hakumbukwi kwa kiasi alichoandika kwenye kadi.

Tuingie kwenye deni sasa, maana bila hili lote nililosema litakaa mwezi mmoja tu.

Deni la mkopeshaji ndilo la kuvunjwa kwanza, na kwa kuwa hapokei vipande, kuna njia moja tu ninayoiona ya heshima: kulihamishia mahali panapopokea vipande. Hukutaja kama wewe ni mwanachama wa SACCOS ya walimu. Kama ndivyo, na una akiba ya angalau 200,000, nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, hivyo 600,000 inapatikana. Najua wenzako watasema kukopa ili kulipa deni ni upuuzi. Ni upuuzi pale mkopo mpya unapokuwa ghali zaidi au mrefu zaidi, au fedha inapopitia mkononi mwako na kukutana na shida nyingine njiani. Hapa tunabadilisha deni la asilimia 20 kwa deni nafuu. Tuseme SACCOS yako inatoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio, nawe ukaendelea kutoa 120,000 zilezile ambazo tayari umezoea kuishi bila hizo. Mwezi wa kwanza riba ni 9,000, na 111,000 zinaondoa deni. Salio linakuwa 489,000. Mwezi wa pili linakuwa 376,335. Wa tatu, kama 262,000. Wa nne, kama 146,000. Wa tano, kama 28,000, na mwezi wa sita unamalizia salio hilo kwa chini ya shilingi 29,000. Riba yote kwa jumla haifiki 29,000, wakati sasa unatoa 120,000 kila mwezi bila kupunguza hata senti.

Kama hujajiunga na SACCOS, muulize mwajiri au wenzako ipo ipi na masharti yake ni yapi, na wakati huohuo ulizia kama kikundi chako cha VICOBA, ukiwa nacho, kinaweza kukukopesha kiasi hicho. Ila usiende kwenye programu za simu zinazotoa fedha kwa dakika mbili. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na wengi waliodaiwa na programu za namna hiyo wanajua aibu ya ndugu na marafiki kutumiwa ujumbe kuhusu deni lao.

Madeni mawili madogo yafunge moja baada ya jingine, usiyalipe kwa pamoja. Ile 50,000 unayoipata kwa kujibana, mwezi huu iende yote Songesha, ambayo gharama yake huongezeka siku kwa siku, kisha uzime huduma hiyo kwenye simu. Mwezi unaofuata iende dukani, ulipe 38,000, na umwombe mwenye duka avute mstari katika ukurasa wako mbele ya macho yako. Mwambie wazi kwamba kuanzia siku hiyo watoto wakija bila fedha asiwape. Ataelewa, na pengine atafurahi kuliko unavyodhani. Mwezi wa tatu 50,000 hiyo usimlipe mtu. Iweke pembeni, mahali usipopafikia kirahisi, iwe ya mtoto kuugua au nauli ya msiba. Watu wengi niliowaona wakirudi kwa wakopeshaji hawakurudishwa na anasa. Walirudishwa na homa ya usiku mmoja wakati mfukoni hamna kitu.

Ukipata mwezi ambao mpango umevunjika, na utaupata, andika kilichotokea na kiasi kilichokosekana, kisha mwezi unaofuata uendelee pale ulipoishia bila kujiadhibu kwa kulipa mara mbili. Lia usiku huo ukitaka, hakuna ubaya. Nisingependa tu uamue jambo lolote la fedha katika hali hiyo, na simu ya benki ikija siku kama hiyo, usiipokee.

Kuhusu kuona deni likipungua, fanya kitu cha mkono. Chukua karatasi ya daftari la shule, chora vyumba 30, kila chumba kikiwa shilingi 20,000, ubandike ndani ya mlango wa kabati la nguo ambako wageni hawaoni. Kila rejesho likikatwa, paka rangi vyumba vyake. Mwezi wa kwanza utapaka vyumba vitano na nusu. Wewe unafundisha watoto, unajua jinsi mtoto aliyeshindwa kuhesabu kwa kichwa anavyoelewa ghafla akipewa vifuniko vya soda. Siku utakapotoka ofisini umejaa maneno ya watu, fungua kabati kabla ya kubadili nguo.

Mkopo wa benki uache uendelee kujikata. Miezi 30 ni mingi, lakini una mwisho unaojulikana, na kwa sasa hauhitaji nguvu yako zaidi ya kutouongeza.

Siku ya kumlipa mkopeshaji iandae vizuri. Iwe mara tu baada ya kulipa riba ya mwezi, kabla mwezi mpya haujaanza kuhesabiwa. Uende na mtu unayemwamini, fedha ihamishwe kwa njia inayoacha kumbukumbu, na akuandikie kwa mkono wake kwamba deni limekwisha, tarehe na sahihi ziwepo. Mkataba wowote uliosaini urudishwe. Akikataa kupokea au akibuni deni jingine, mwandikie malalamiko kwa barua na ubaki na nakala, kisha uyafikishe Benki Kuu, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Asipokuwa na leseni, hilo nalo litaje. Kadi akikurudishia, usiende nayo nyumbani kwanza. Pitia kwenye mashine ya ATM iliyo karibu, ubadilishe namba ya siri, uangalie salio, ndipo uiweke kwenye pochi yako.